Jina Moja, Vichwa Viwili

Uthmani alikuwa fundi cherehani wa Muyinga ambaye hakuhitaji kibao mlangoni. Mtu akitaka kanzu ya kawaida alikwenda kwa fundi yeyote. Akitaka kanzu yenye darizi shingoni, ile ya kushonwa kwa mkono mpaka watu waiulizie msikitini, alikwenda kwa Uthmani na kusubiri zamu yake. Mtaa mzima wa Waswahili ulijua pia kwamba Uthmani alikuwa mgonjwa wa kichwa. Mambo hayo mawili watu waliyataja kwa pumzi moja, kama mtu anavyosema fulani ana duka na ana goti bovu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa afisa wa forodha. Kwa miaka kumi na moja afisa huyo, ambaye hakuna mwingine aliyepata kumsikia, alikaa upande wa sikio la kushoto la Uthmani na kukagua kila kilichopita. "Fungua mzigo," alisema, Uthmani akifungua mkebe wa nyuzi. "Unatangaza nini leo?" "Huu mshono umepita bila stempu." Miaka ya mwanzo alikuwa anafoka, mpaka siku moja Uthmani akaitupa cherehani nje ya dirisha. Cherehani nyingine ilipatikana, na pamoja nayo nusu kidonge cha manjano kila jioni, na tangu hapo afisa alishuka cheo. Alinong'ona tu. Tena, msema kweli ni mpenzi wa Mungu: mara nyingi mshono aliolalamikia ulikuwa umepinda kweli.

Mkewe, Salama, hakuwahi kumzoea. Mwanamke anaweza kumvumilia mke mwenza, maana mke mwenza ana zamu. Afisa hakuwa na zamu. Usiku Uthmani alimjibu kwa sauti ya chini, "Ndiyo mkuu, naona mkuu," na Salama alilala macho wazi akihesabu mabati. Hakulalamika kwa watu. Alimlalamikia Mungu, ambaye naye alikuwa na subira.

Basi mwaka huo watu wa utafiti wa Gitega wakatangaza kwamba wanawataka wagonjwa walioandikiwa kwenye kadi neno skizofrenia, wapigwe picha ya ubongo kwa mashine ya sumaku. Gari lingewafuata, na chakula kingekuwapo. Salama alifunga kilemba siku hiyohiyo.

"Twende," alisema. "Watamuona kwenye picha. Wakimuona, watamutosha, watamutoa kabisa."

Ndani ya gari walimkuta mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, amekaa na dada yake. Mtu huyo aliitwa Longino, dada yake Ursula, wote wakulima wa Gasorwe waliokulia kwenye kambi za Kigoma na kurudi Burundi wakiwa watu wazima. Kiswahili chao kilikuwa kimenyooka kama cha redio. Longino aliiangalia kadi iliyokuwa mkononi mwa Uthmani, akaangalia yake, akaangalia tena ya Uthmani.

"Samahani, mzee wangu. Na wewe umeandikiwa hili neno?"

"Iko vile," alisema Uthmani.

Longino alilisoma kwa kidole, silabi moja moja, kwenye kadi zote mbili, asije akakosea jambo kubwa. Kisha akanyoosha mkono.

"Basi wewe ni somo wangu."

Somo ni mtu unayeshiriki naye jina, na jina si kitu cha mchezo. Ukimpata somo humwachi arudi mikono mitupu. Akipata nawe umepata, akifiwa nawe unakaa matanga. Kwamba mtu anaweza kuwa somo wako kwa jina la ugonjwa, hilo Uthmani hakuwahi kulisikia, lakini alipolifikiri hakuliona kosa. Jina ni jina. Tangu arudi kutoka Tanzania, Longino alikuwa amezungukwa na watu wa aina mbili, wanaomwogopa na wanaomhurumia, na somo ilikuwa aina ya tatu. Alimshika mkono Uthmani na hakuuachia mpaka walipovuka Karuzi.

Gitega waliingizwa mmoja mmoja ndani ya bomba lililogonga bila mpango, kama mafundi bati wanaogombana juu ya paa. Afisa wa forodha alinyamaza muda wote huo. Uthmani aliona kwamba afisa amekutana na mkubwa wake wa kazi. Baadaye nesi aliyeitwa Letisia aliwapa soda, akawaambia kwamba kazi itachukua miezi na kwamba wataitwa, akawashukuru kwa vichwa vyao.

Miezi hiyo usomo ulikolea. Ursula alileta maharage mabichi na mikungu ya ndizi. Salama alipika pilau na kufunga ya kubeba. Wanawake hao wakaanza kuitana wifi, ingawa hakuna aliyeolewa na ndugu wa mwenzake. Wanaume walikaa pamoja wakilinganisha. Longino hakuwa na afisa. Yeye alikuwa na kwaya, watu watatu, sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu, na zote tatu zilimtukana yeye na marehemu mama yake.

"Wanaimba vizuri?" aliuliza Uthmani.

"Vizuri sana," alisema Longino. "Ndiyo maana inauma."

Kwa kwaya hiyo Longino alimeza vidonge vyeupe vikubwa, asubuhi na jioni, na vilikuwa vimeifunga vinywa. Vilimfunga na yeye kidogo: alilala hadi saa sita mchana, shamba likamsubiri.

Mwezi wa sita petroli ikakosekana, na vidonge vya manjano havikufika kituo cha afya. Uthmani alibakiwa na nusu kumi na mbili. Ursula aliposikia alikuja na vidonge vyeupe vimefungwa kwenye karatasi ya kalenda, ziada aliyokuwa ameiweka kwa siku mbaya. Alivitua mkekani baada ya pilau, kwa adabu zote.

"Ugonjwa mmoja, jina moja," alisema. "Somo hawezi kukosa dawa na somo wake anayo. Tena wifi, nikueleze lililo moyoni. Huyu wangu hizi kubwa zinamlaza kama gogo. Mume wako anakula ndogo, na anashona. Nadhani sisi walituzidishia."

Salama aliweka kijiko chini. "Kumbe! Na sisi walitupunjaka! Ile ndogo inamuacha yule mutu wake iko anasema tu, anasema tu. Mi siku zote nasema, hii dawa iko kidogo. We tupatie hiyo kubwa, na sisi tunakupatia ndogo. Voilà."

Hakuna aliyekuwa mjinga mkekani pale. Kila mmoja alikuwa amesoma kadi, neno lilikuwa lilelile, herufi kwa herufi, na mhuri ule ule. Walibadilishana, wakaombeana heri, na Longino akamwambia Uthmani kwamba sasa hata tumboni ni ndugu.

Siku ya tatu asubuhi Uthmani alifungua mkebe wa nyuzi na hakuna aliyesema kitu. Alisubiri. Aliufunga, akaufungua tena, taratibu, ili kumpa mtu nafasi. Kimya. Akaenda kumwambia mkewe.

"Iko kimya?" aliuliza Salama.

"Iko kimya."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Salama aliketi palepale kizingitini akalia mpaka kanga ikalowa. Kisha akainuka, akakaanga maandazi, akayagawa nyumba saba. Usiku ule alilala mpaka adhana ya alfajiri, na alipoamka hakujua yuko wapi, maana ilikuwa miaka kumi na moja hajaamka hivyo.

Habari ilienea: Uthmani amepona. Husni, kaka yake Salama, ambaye naye alikuwa fundi, ila wa sare za shule, alikuja na ndugu wengine kumpongeza. Walimkuta ametulia. Hakucheka ovyo wala hakukunja uso. Kwa kweli hakufanya lolote na uso wake. Alitembea kwa hatua fupi fupi kama bibi harusi, na msikitini watu walisema Mwenyezi Mungu amempa unyenyekevu. Mate yalipomtoka pembeni mwa mdomo, Husni alisema hiyo ni amani.

Mikono ndiyo haikupona. Siku ya tano sindano ilianguka. Uthmani aliiokota, ikaanguka, akaiokota. Siku ya saba alichukua nusu saa kutia uzi, na uzi haukuingia. Vidole vilikuwa vyake, alivitambua mpaka kovu la mkasi, lakini alipoviambia twende, vilikaa, na alipoviambia kaeni, vilitetemeka. Mbele yake kulikuwa na kanzu ya Ilyasi, kijana wa muuza vitambaa, aliyebakiza majuma matatu kufunga ndoa. Kola na nusu ya kifua vilikwisha dariziwa kwa uzi wa hariri. Nusu nyingine ilikuwa nyeupe.

"Mama Zawadi," alimwambia mkewe, maana binti yao aliyeolewa Bujumbura aliitwa Zawadi. "Mikono."

"Itapita."

"Haishiki."

"Baba Zawadi, umepona. Mutu akipona, mwili unashangaaka kidogo. We pumzika."

Alipumzika. Juma la pili alishindwa kufunga vifungo vyake mwenyewe, na Salama akamfunga, akiimba. Uthmani alimwangalia akiimba, na hofu ikamwingia ambayo hakuwahi kuipata kwa afisa wala kwa mtu yeyote. Aliona kwamba atakaa hivi mpaka afe, amepona, na kila mtu atamshukuru Mungu. Alitaka kupiga kelele. Mdomo ulifunguka kidogo, Salama akaufuta kwa ncha ya kanga.

Siku hiyohiyo Letisia akapiga simu kutoka Gitega. Picha zilikuwa tayari.

Gari liliwakuta Longino na Ursula njiani, na hali yao haikuhitaji maelezo. Longino alikuwa amekonda. Ursula alikuwa na macho ya mtu aliyelinda mlango. Kwa vidonge vya manjano Longino hakulala kabisa: alilima shamba lake lote, kwa mistari iliyonyooka, kisha akalima la jirani bila kuombwa. Jirani alinyamaza mpaka muhogo wake ulipong'olewa. Juma la pili kwaya ilirudi na nyimbo mpya, na Longino akakutwa kwenye barabara ya mpakani, jembe begani, anarudi kambini Kigoma kuomba msamaha kwa watu waliokwishaondoka wote. Mwendesha baiskeli mmoja wa Gasorwe ndiye aliyemrudisha. Ursula alimrudishia vidonge vyeupe siku hiyohiyo, na kwaya ilikuwa inaanza tu kuchoka.

"Somo," alisema Longino kwa kunong'ona, "dawa yako ni mbaya."

"Yako pia," alisema Uthmani, na maneno hayo mawili yalimchukua muda.

Dokteri aliitwa Urbano, mtu wa Mutoyi, kijana mwenye miwani na shati lililopigwa pasi na mtu mwingine. Alianza kwa furaha. Aliwasha kioo ukutani, kikatokea kichwa kilichokatwa katikati kama kabichi.

"Hii ni picha ya wastani," alisema. "Tulichukua vichwa vya wagonjwa arobaini na sita, tukavichanganya kupata kimoja. Haya meusi katikati ni vyumba vya maji. Tukivilinganisha na vya watu wazima wa afya, vimepanuka kidogo. Na hapa mbele, ganda limekuwa jembamba kidogo."

Uthmani alitazama sana. Kichwa kilikuwa laini, hakina kona, kama kitu kilichofuliwa mara nyingi.

"Iko ya nani, hii kichwa?"

"Si ya mtu. Ni ya wote."

Uthmani alikusanya midomo yake. Ilimchukua muda, na dokteri, kwa heshima, alimsubiri. Akaeleza kwamba zamani mkuu wa shule mmoja alimletea vipimo vya wanafunzi arobaini, vimejumlishwa na kugawanywa, kipimo kimoja cha haraka. Alishona mashati arobaini kwa kipimo hicho. Shati lilimtosha mtoto mmoja tu, na huyo alikuwa amekwishahamia Ngozi.

Dokteri Urbano hakucheka. Alilalamika kwamba kalamu yake haiandiki, akaazima ya Letisia, akaliandika hilo kwenye daftari. Kisha akainua kichwa na kumwangalia Uthmani mwenyewe, si kisa chake.

"Mzee, mbona unaongea hivyo? Nipe mkono."

Aliushika, akaukunja kwenye kiwiko. Ulikunjika kwa hatua, kwa kukwama na kuachia, kama mnyororo wa baiskeli wenye kutu. Aliuliza tangu lini. Salama akaangalia sakafu. Ursula ndiye aliyesema, kwa sababu alikuwa mtu wa kukiri: walibadilishana dawa. Dokteri aliuliza kama amesikia vizuri. Aliuliza kwa Kirundi, akauliza kwa Kifaransa, akauliza kwa Kiswahili, na kwa lugha zote tatu jibu likawa ndiyo. Letisia alivuta kiti akakaa.

"Kwa nini?" alisema dokteri.

Longino akatoa kadi mbili, yake na ya somo wake, akaziweka mezani bega kwa bega. "Soma mwenyewe, dokta. Neno moja."

Dokteri Urbano alivua miwani, akaivaa. Hasira ilimpanda, akatafuta mtu wa kumkasirikia, na kwenye chumba hicho hakumpata. Aliwaambia kwamba walikuwa na bahati, kwamba mtu anaweza kufa kwa mchezo huo, na kwamba asisikie tena. Kisha akabonyeza, kichwa cha wastani kikaondoka, na mahali pake vikaja vichwa viwili.

"Hiki ni chako, Longino. Tazama vyumba hivi."

Vilikuwa vikubwa, vimetanuka huku na huku. Longino alisogea. "Vikubwa," alisema, na hakuweza kuficha kwamba amefurahi kidogo.

"Na hapa mbele pamepungua kweli. Sasa hiki ni cha mzee Uthmani." Vyumba vilikuwa vyembamba kama nyusi. "Picha hii nikiichanganya na ya dereva wetu, sijui ipi ni ya nani. Sina njia ya kujua. Na kati ya arobaini na sita wangu, hakuna wawili waliolingana. Wengine wamepungua mbele, wengine pembeni, wengine hakuna kilichopungua. Wote wana neno hilo."

"Na afisa?" aliuliza Salama. Alikuwa amesimama, uso wake karibu unagusa kioo. "Iko wapi, yule mutu?"

"Haonekani, mama."

"Hata kidogo?"

"Picha haioneshi sauti. Wala haiwezi kuniambia nimpe nani dawa gani, bado hatujafika huko. Inaonesha tu kwamba neno hili kwenye kadi ni mlango mmoja, na nyuma yake kuna nyumba nyingi."

Salama alirudi akakaa. Alikuwa ametoka Muyinga mara mbili kumwona adui yake, na adui hakuwapo.

Dokteri akamgeukia Uthmani, akamwambia mambo kama yalivyo. Wanaweza kurudi kwenye nusu ya manjano, ambayo sasa imefika, na mikono huenda ikafunguka. Lakini afisa huenda akarudi. Au wanaweza kupunguza hii nyeupe, watafute kipimo cha kati. Afisa huenda akakaa kimya, na mikono huenda ikakaa ilivyo.

"Mikono itafunguka lini?" aliuliza Uthmani.

"Kwa wengi, majuma machache. Kwako sijui."

Ndipo Salama akasema. Hakumwangalia mtu.

"Mi nilikuwa nalala," alisema. "Siku kumi, dokteri. Nilikuwa nalala kama mutoto. Nilisahauka kama kulala iko vile. Na mume wangu alikuwa kando yangu peke yake, bila mutu katikati yetu." Akamaliza kwa ukali, kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe. "Lakini hakuwa ananiangalia. Mi nilikuwa naimba, na yeye alikuwa kama ukuta. Nimeona. Nilijifanya sioni."

Uthmani alitaka kumwangalia kwa huruma. Alimpenda mwanamke huyu, lakini uso ulikataa, ukamwangalia vilevile kama ukuta.

"Mi nataka mikono," alisema. "Unisamehe."

Salama alitikisa kichwa kukubali, mara mbili, haraka.

Nje ya jengo kulikuwa na benchi. Longino alikaa, akavua kofia, akaizungusha mikononi. Ursula alimtazama kwa wasiwasi, maana alijua ndugu yake amepoteza nini: kioo kimemwonesha mbele ya watu kwamba yeye na Uthmani hawafanani hata chumba kimoja.

"Kambini," alisema Longino mwishowe, "kulikuwa na Longino mwingine. Mfupi, mweupe, mwizi wa kuku. Mimi mrefu, mweusi, sijawahi kuiba hata yai. Hatukufanana popote. Alipofungwa, nilimpelekea uji kila siku, kwa sababu alikuwa somo wangu." Akavaa kofia. "Kwani somo ni sura? Somo ni jina. Tumekosea kubadilishana vidonge tu. Uji tungebadilishana bila neno."

Basi usomo ukabaki, bila vidonge.

Juma la kwanza la manjano, mikono haikubadilika. Juma la pili haikubadilika. Salama alimpelekea Husni kanzu ya Ilyasi, akaifunga kwenye shuka kama maiti, kwa sababu harusi haimngoji fundi. Husni aliimalizia kwa mashine. Siku ya harusi Uthmani alikaa safu ya pili, akakitazama kifua cha bwana harusi mwanzo wa khutba hadi mwisho wa dua. Upande wa kulia ulikuwa wake. Upande wa kushoto ulikuwa umenyooka, hauna kosa, na umekufa. Watu walisema kanzu imependeza. Uthmani alikula pilau kwa kijiko kilichogonga meno.

Siku ya pili yake, akifungua mkebe wa nyuzi asiokuwa na kazi nao, alisikia upande wa kushoto mtu anakohoa. "Una kitu cha kutangaza?" alisema afisa, kwa sauti ya chini, kama aliyetoka likizo. Uthmani alifunga mkebe. Mikono ilikuwa inatetemeka bado. Aliona kwamba amelipa ushuru na mzigo haujatoka, na usiku alijitahidi kumjibu afisa kwa moyo tu, asifungue mdomo. Salama alijua. Aliamka, akaenda jikoni, akalia huko, bomba la maji likiwa wazi ili kisikike kitu kingine. Asubuhi alichemsha chai kama kawaida, na hakuuliza.

Juma la tatu. Juma la nne. Husni alikuja kuulizia cherehani, kwamba chombo kisipotumika kinashika kutu. Salama alimwambia kutu ni ya kwake yeye, akamfungulia mlango atoke. Juma la tano uso ulirudi, kidogo, nyusi kwanza. Uthmani akacheka kwa jambo alilosema Longino kuhusu jirani yake na muhogo, na Ursula akapiga makofi. Mikono, bado. Uthmani aliacha kuhesabu majuma. Akaanza kufikiri ni kazi gani mtu hufanya bila vidole, na orodha ilikuwa fupi.

Ilikuwa siku ya kawaida tu, baada ya chai. Mzee mmoja alikuwa ameacha kanzu yake hapo ndani tangu mwezi wa sita, akikataa kuipeleka kwa fundi mwingine, na Uthmani aliitoa ili aikung'ute vumbi. Sindano ilikuwa imechomekwa kolani. Aliichomoa bila kufikiri. Akachukua uzi, akaulowesha mdomoni, akausogeza. Ukaingia.

Akashona mshono mmoja, kisha wa pili. Ilikuwa mishono ya mtoto wa darasa la kwanza, lakini ilikaa mahali ilipoambiwa. Kwenye wa nne afisa alisema umepinda. Ulikuwa umepinda. Akaufumua, akaushona upya, na vidole vikaenda alikovituma na kusimama alikovisimamisha. Salama alikuwa amekuja karibu akijifanya anatafuta ufagio. Alisimama nyuma ya bega lake na kuihesabu kwa midomo: tano, sita, saba. Ilipofika kumi na mbili, Uthmani akaanza kulia, kwa uso mzima, uso uliokuwa na deni la miezi miwili.

"Baba Zawadi," alisema Salama, na sauti yake ilikuwa kavu. "Hiyo nguo iko ya mutu. Usiilowanishe."

Akaitoa kanzu mikononi mwake, akaikunja, akaiweka juu ya cherehani. Kisha akakaa chini mbele yake, na mikononi mwa Uthmani, pale kanzu ilipokuwa, akaweka mikono yake mwenyewe.